Umri wa Baruti

Husemwa kuwa ya kale ni dhahabu. Kauli hiyo huufaa utenzi, huufaa mlango wa nakshi, na huyafaa mengi tuyaenziyo visiwani. Baruti haimo. Katika biashara ya silaha iliyopitia Unguja karne ya 19, ukale ulikuwa ila, na aliyeibeba ila hiyo alikuwa mnunuzi wa mwisho.

Gobori hushindiliwa upya kila linapolia. Baruti hutiwa mdomoni mwa mtutu, risasi hufuata, vyote husukumwa kwa mdeki, kisha fataki huvikwa kwenye kifa. Kwa hiyo mwenye gobori hununua bunduki mara moja, lakini baruti huinunua maisha yake yote.

Mkataba wa 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani uliagiza kuwa kisiwani Unguja bunduki, baruti na risasi ziuzwe kwa serikali yake pekee. Katika bandari zake nyingine ziliweza kuuzwa kwa yeyote atoaye bei ya juu. Mwaka 1866 Prussia iliishinda Austria kwa bunduki zijazwazo kwa nyuma, na majeshi ya Ulaya yakaharakisha kuyaacha magobori yao. Kila silaha mpya ilipoingia ghalani, ya zamani ilitafutiwa soko, na Afrika ikawa mojawapo ya masoko hayo. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza hapa Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika kila mwaka kwa njia ya pwani hii.

Baruti nyeusi ni shura sehemu 75, makaa 15 na salfa 10. Ikihifadhiwa pakavu hudumu miaka mingi. Ikipata unyevu, shura huyeyuka na kujitenga na wenziwe, chembe hugandamana mabonge, na hata ikianikwa hairudi ilivyokuwa. Basi lifikirie pipa lililovuka bahari, likalala ghalani pwani, kisha likabebwa begani kutoka Bagamoyo hadi Tabora, safari ya miezi mitatu hivi. Ipo njia ya zamani ya kuijaribu baruti: kuchoma chembe chache juu ya karatasi na kutazama masizi yanayobaki. Njia hiyo huonyesha kama baruti itawaka leo; haisemi imekaa wapi wala kwa muda gani. Aliyezoea baruti dhaifu huongeza kipimo, na siku aipatapo iliyo kali, kipimo kilekile huweza kuupasua mtutu mkuukuu mikononi mwake.

Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipiga marufuku kuingiza silaha za kisasa baina ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, ukaruhusu kwa masharti bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ya biashara. Lengo lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya utumwa. Hata hivyo, mkataba huo ulimwachia Mwafrika zana ambazo Ulaya ilikwisha kuzitupa, ilhali majeshi ya kikoloni yalibeba mpya.

Ulaya nayo haikusalimika na ukale. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo moshi, yenye asili ya selulosi iliyotiwa asidi. Hii huoza yenyewe polepole, hata pakavu, na uozo wake huzaa joto. Machi 1907 manowari Iéna ililipuka chelezoni Toulon, wakafa watu zaidi ya 100. Septemba 1911 ikafuata Liberté bandarini humo humo, wakafa zaidi ya 200. Lawama kubwa iliiangukia baruti iliyooza. Taifa lenye wakemia na madaftari ya ghala lilishindwa kuusoma umri wa mali yake lenyewe.

Hadi leo, Marekani na kwingineko, wapo wawindaji wanaojaza upya maganda ya risasi na kununua makopo yaliyoachwa na marehemu. Wajuzi huwaonya: baruti isiyo katika kopo lake la asili, au yenye harufu kali ya asidi na moshi mwekundu, isitumiwe. Onyo hilo lingefaa sana Tabora mwaka 1888, lakini huko hakukuwa na lebo ya kusoma. Rahisi ya baruti kuukuu hulipwa na aliye mwisho wa njia, naye ndiye aambiwaye machache kuliko wote.