Historia ya Neno "Jaribio" katika Sayansi ya Shule za Msingi

Mwalimu wa shule ya msingi akitangaza kwamba kesho kutakuwa na jaribio, wanafunzi wake wanaweza kurudi nyumbani na mawazo mawili tofauti. Mmoja atatafuta chupa, chumvi na yai. Mwenzake atafungua daftari na kukariri, akihofia alama. Wote wawili wamesikia sawasawa. Neno ni moja, na maana ni mbili: kukijaribu kitu ili tabia yake ijulikane, na kumjaribu mtoto ili ijulikane anakumbuka nini. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi neno hilo lilivyoingia katika sayansi ya shule zetu, na kuonyesha kwamba utata wake ni jambo linalogusa malezi ya fikra za watoto.

Asili ya neno

Kitenzi jaribu kimetoka katika Kiarabu, na kwa mzizi huohuo Kiswahili kimejipatia jamii nzima ya maneno. Majaribu ni masaibu yanayompata mtu. Tajiriba ni maarifa yanayombakia baada ya kupita katika mengi. Jaribio limesimama kati ya hayo mawili. Kwa hiyo lilifaa sana kuchukua dhana ya kisayansi ya kutenda jambo kwa makusudi ili kupata jibu. Lakini shule ililitumia pia kwa mtihani mdogo wa darasani, na humo ndimo ulimoanzia utata tunaouzungumzia.

Kabla ya mwaka 1967

Katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, Kiingereza ndicho kilichokuwa lugha ya kufundishia katika madarasa ya juu ya shule za msingi na katika sekondari. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona kwamba mchanganyiko wa maziwa na sukari alioutia katika jokofu ungali moto uliganda mapema kuliko ule uliopozwa kwanza. Alipouliza sababu aliambiwa kwamba amekosea. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilohilo Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka. Osborne hakuona sababu ya kucheka. Aliagiza jambo hilo lijaribiwe maabarani. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo yao, na wanafizikia wanaendelea kubishana juu yake hadi leo. Kwa waliocheka, swali la Mpemba lilikuwa jibu baya la mtihani. Kwa Osborne lilikuwa mwanzo wa jaribio.

Katika miaka hiyohiyo ya 1960 ulianzishwa mradi wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, ambao Tanzania ilishiriki. Mradi huo ulisisitiza vifaa vilivyomzunguka mtoto: mchanga, karatasi, maji, hata yule mdudu achimbaye mashimo madogo mchangani. Mtoto alitakiwa amwulize mdudu mwenyewe kwa kumchunguza, badala ya kumwuliza mwalimu. Mawazo yalikuwa mazuri, lakini vitabu vyake viliandikwa kwa Kiingereza.

Kazi ya istilahi

Mwaka 1967 mambo mawili yalikutana. Azma ya Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa Sheria ya Bunge. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia masomo yote ya shule ya msingi, na walimu wakahitaji maneno mara moja. Katika miaka ya 1970 Baraza lilianza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia.

Baadhi ya istilahi zilizobuniwa zilichekwa kwanza. Mojawapo ni kanieneo, yaani kani ikigawanywa kwa eneo inaloangukia. Hata hivyo neno hili lina sifa adimu: linabeba fasili yake lenyewe. Mtoto akitoboa chupa ya maji matundu matatu, moja juu ya jingine, ataona kwamba tundu la chini ndilo linalotoa maji kwa nguvu zaidi. Akishaambiwa kwamba kanieneo ya maji huongezeka kadiri ya kina, ameshika neno na jambo kwa pamoja. Hospitalini jambo hilohilo huitwa shinikizo, kama katika shinikizo la damu. Nalo ni suala ambalo wasanifu hawana budi kulitazama.

Mfano wa Nshambya

Umuhimu wa mambo haya utaonekana tukichukua mfano wa darasa moja la Nshambya, mjini Bukoba. Kitabu kinasema kwamba maji huchemka katika nyuzi 100 za Sentigredi. Mwalimu anachemsha maji mwenyewe, watoto wakiwa mbali na moto, kisha anamwita mwanafunzi mmoja asome kipimajoto na kuwatangazia wenzake. Anasoma nyuzi 96.

Je, amekosea? La. Uso wa Ziwa Viktoria uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapolingana na kanieneo ya angahewa, na angahewa ya Bukoba hulemea kidogo kuliko ya Dar es Salaam. Katika kilele cha Kilimanjaro maji huchemka katika nyuzi 80 hivi. Nyuzi 100 za kitabuni ni za pwani; 96 ni za Bukoba.

Ikiwa jaribio ni mtihani, mtoto huyu atapata sifuri, na mara nyingine atasoma 100 hata kama kipimajoto hakikufika huko. Ikiwa jaribio ni uchunguzi, 96 ndiyo jibu lenye thamani kuliko yote ya siku hiyo, kwa kuwa linamlazimisha mwalimu kulitamka neno kanieneo na darasa kulihitaji.

Hitimisho

Baraza haliwezi kuamuru watu waseme nini. Matumizi ndiyo mwamuzi. Hata hivyo tungependekeza kwa walimu na watungaji wa vitabu kwamba jaribio liachiwe sayansi, na kazi ya kupima wanafunzi ipewe neno tamrini, ambalo limo tayari katika lugha, au iitwe tu mtihani mdogo. Mtoto wa Nshambya anaposimama mbele ya wenzake na chupa yake, na ajue kwamba kinachojaribiwa ni maji, wala si yeye.