Ua la Shume na Jina la Baroni

Atakaye kuufanya mzeituni mwitu mti wa chunguni hana budi kuung'oa na kisiki chake, aikate mizizi mikubwa, kisha angoje miaka aone kama utakubali kuishi. Usambara ilitoa mmea usiohitaji taabu hiyo, na leo umo katika madirisha ya watu wengi ambao hawajapata kuisikia Lushoto.

Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani katika sehemu za Tanga na Usambara alikuwa Baroni Walter von Saint Paul-Illaire. Hakuwa mgeni wa Kiswahili. Kitabu chake cha kuwafundishia Wajerumani lugha hiyo kilichapwa mwaka 1890. Kijimea alichokiona, chenye majani ya manyoya na maua ya rangi ya urujuani, kilimfikia baba yake, mpenda mimea huko Silesia, kisha Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover. Mwaka 1893 Wendland akakiita Saintpaulia ionantha: neno la kwanza kwa heshima ya baba na mwana, la pili Kiyunani, maana yake chenye maua kama urujuani. Hivyo mmea ulioletwa na mjuzi wa Kiswahili haukupewa hata silabi moja ya Kiswahili wala ya Kisambaa. Watu wa kawaida wa Ujerumani ndio waliokumbuka kwao, wakauita urujuani wa Usambara.

Baroni alitaja mahali pawili. Pamoja ni mwendo wa saa moja kutoka Tanga, katika nyufa za mawe ya chokaa, karibu na usawa wa bahari. Kwa hiyo watu wa pwani nao wana haki ya kulidai ua hili. Pa pili ni msitu mkuu wa Usambara, juu ya matale, kivulini.

Siri yake imo katika jani. Jani moja na kikonyo chake, likichomekwa udongoni, huotesha mizizi, na mimea midogo huchipuka ubavuni. Mbegu zilizovuka kutoka Ujerumani na Uingereza hadi Los Angeles katika miaka ya 1920 zilizaa aina kumi za biashara, nazo zikaongezwa kwa majani. Hakuna aliyelazimika kurudi Usambara kuomba zaidi.

Zamu ya Shume, juu ya Lushoto, ilikuja mwaka 1955, B. L. Burtt wa Edinburgh alipoueleza mmea mdogo wa huko na kuuita shumensis. Wapandikizaji wakautia katika ukoo wa aina zile fupi zinazotosha kiganjani.

Huko kwao mambo si mepesi hivyo. Mti wa juu ukikatwa, jua hulipiga jabali, unyevu hukauka, na kundi zima hufa, kwani mengi ya makundi hayo yamo katika mabaka madogo ya msitu. Hifadhi ya Amani, upande wa mashariki, ilitangazwa mwaka 1997.

Nalo jina la Baroni limepata mkasa wake. Mwaka 2015, baada ya uchunguzi wa vinasaba, jenasi ya Saintpaulia iliingizwa ndani ya Streptocarpus, na mmea wa Shume sasa huandikwa Streptocarpus shumensis.