Spoila: Nani Anafaa Kunyamaza, Hadi Lini, na Wapi

Kabla tuanze, tulia. Hii makala inataja Game of Thrones, Squid Game na Avengers, lakini haikuambii nani alikufa, nani alishinda wala nani aligeuka msaliti. Soma bila wasiwasi hadi mwisho.

Shida yenyewe unaijua. Siriz imetoka asubuhi, na kabla ya lunch kuna msee kwa grupu ashaandika "siamini wamemuua fulani". Grupu inawaka. Nusu wanacheka, nusu wanataka atolewe. Halafu anatokea yule wa kuuliza, "Kwani si ungeona mapema?" Hilo swali linakaa la maana, lakini hapa kwetu jibu lake si rahisi vile watu hufikiria. Twende polepole.

Spoila ni nini hasa

Spoila ni habari yoyote ya hadithi yenye ukishaijua, huwezi tena kuipata vile mtunzi alitaka uipate. Neno lenyewe ni la Kiingereza. Aprili 1971 jarida la vichekesho la Marekani, National Lampoon, lilitoa makala ya Doug Kenney yenye kichwa hicho, na kazi yake ilikuwa kumwaga miisho ya muvi na vitabu maarufu. Yaani spoila ilianza kama mzaha wa makusudi.

Lakini kulinda mwisho wa hadithi ni mambo ya kitambo kuliko hilo neno. Kuna mchezo wa kuigiza unaitwa The Mousetrap, ulianza London mwaka wa 1952, na ukiisha waigizaji huomba watazamaji wasiende kusema muuaji ni nani. 1960, Alfred Hitchcock alipotoa Psycho, kumbi za sinema zilikataa kuingiza mtu akishachelewa, hata dakika moja. Kwa hivyo ukiambiwa hizi ni drama za watoto wa TikTok, jua si ukweli.

Spoila huja kwa sura nne:

1. Ya uso kwa uso. "Fulani anakufa." Hii kila mtu anaijua.

2. Ya picha. Meme, skrinshoti, ama video ya YouTube yenye picha yake ya mbele inaonyesha kila kitu hata kabla ubonyeze. Hii ndiyo hatari kwa sababu jicho haliombi ruhusa. Ushaona ni ushaona.

3. Ya RIP. Status nyeusi, mshumaa, na jina la mhusika. Wewe unadhani unaomboleza. Wengine wanasoma tangazo la kifo.

4. Ya kudokeza. "Sisemi kitu, lakini ngoja ufike epi ya 6, utalia." Hujataja jina, na unajiona mstaarabu. Lakini huyo msee sasa ataangalia epi tano akihesabu nani bado anapumua. Umeharibu sawa tu na yule alitaja jina, ni vile umetumia adabu.

Yenye si spoila: trela rasmi, orodha ya waigizaji, na kusema tu "ni kali" ama "wameboesha". Matokeo ya mechi pia si spoila. Mpira na chochote kinaonyeshwa laivu ni habari ya saa hiyo. Kama umeamua kuangalia marudio usiku, wewe ndiye wa kuzima data, si mtaa mzima unyamaze.

"Si ungeona mapema?"

Sasa turudi kwa hilo swali. Linachukulia kwamba siriz ikitoka, kila mtu ako na nafasi sawa ya kuiona. Cheki vile mambo huenda.

Ya kwanza ni saa. Sizoni ya mwisho ya Game of Thrones, mwaka wa 2019, HBO walikuwa wanaionyesha Jumapili saa 3 usiku New York. Hapa Kenya hiyo ilikuwa Jumatatu saa 10 alfajiri. M-Net kwa DStv walikuwa wanairusha wakati huo huo, na kuna wasee walikuwa wanaamka. Lakini ikifika saa 1 asubuhi ukiwa kwa mathree unaenda job, TL ilikuwa ishamwaga kila kitu. Ungeona mapema vipi? Mapema ilikuwa usingizi.

Netflix nao huachilia vitu vyao saa 6 usiku ya California. Kwetu hiyo ni saa 4 ama saa 5 asubuhi, inategemea kama Wamarekani wamesongesha saa zao. Yaani kitu kinatoka katikati ya siku ya kazi. Mwenye anaangalia saa hiyo ni mwenye hana bosi, ama mwenye bosi ametoka.

Ya pili ni doh. Netflix wenyewe wanasema kwa HD unaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Squid Game sizoni ya 3 ilitoka 27 Juni 2025, epi 6 zote kwa mpigo, kama saa 6 hivi. Piga hesabu: ni karibu GB 18 ukiangalia kwa HD. Ukishusha kwa kiwango cha chini kabisa, GB 0.3 kwa saa, unafika karibu GB 2, na picha ni ukungu. Mwenye ako na waifai ya keja anamaliza siku hiyo hiyo. Mwenye anatumia bando anagawanya, epi moja leo, nyingine kesho kutwa. Mwingine anangoja wikendi aende kwa beshte mwenye ako na waifai. Mwingine anangoja muvi shop ya mtaa imuwekee kwa flash. Na tangu Netflix waondoe ile plani ya bure ya Kenya mwishoni mwa 2023, kuna wasee wengi wanategemea akaunti ya mtu, wanaingia tu wakati mwenyewe hayuko.

Ya tatu ni mahali uko. Squid Game sizoni ya 2 ilitoka 26 Desemba 2024. Boxing Day! Nusu ya Nairobi ilikuwa ocha, network inashikika ukipanda juu ya mlima karibu na ng'ombe. Wale walibaki mjini walikuwa wanapost kila baada ya dakika kumi.

Kwa hivyo mara nyingi mwenye hajaona si mzembe na si mshamba. Anangoja payslip, wikendi, ama gari ya kurudi Nai. Ukimchomea, umemchukulia kitu alikuwa anakilipia pole pole. Kwa msee mwenye burudani yake ya wiki nzima ni hiyo siriz moja, hiyo si kitu ndogo.

Unangoja hadi lini?

Hakuna sheria ya nchi. Lakini kuna mfano mzuri. Aprili 2019, baada ya vipande vya Avengers: Endgame kuvuja mtandaoni, ndugu wawili walioiongoza, Anthony na Joe Russo, waliandikia mashabiki barua wakiwaomba wasichomee wengine. Muvi ikatoka Marekani 26 Aprili. Baadaye wakatangaza kwamba kuanzia Jumatatu, 6 Mei, watu wako huru kuongea. Siku hiyo hiyo trela mpya ya Spider-Man ikatoka, na Tom Holland akaanza kwa kuonya wenye hawajaona Endgame waache kuangalia.

Siku 10, na wikendi mbili ndani. Tukichukua hiyo kama kipimo na tukiongeza hali ya hapa, unaweza tumia hii:

- Epi moja kila wiki: nyamaza hadi epi inayofuata itoke. Hapo mwenye amebaki nyuma anajua amebaki.
- Sizoni nzima kwa mpigo: wiki mbili, na hakikisha mwisho wa mwezi umepita ndani yake. Bando hununuliwa na mshahara.
- Muvi ya sinema: ngoja hadi ifike kwa simu za watu. Tiketi ya sinema si ya kila mtu.
- Drama ya TV ya hapa, ya saa 1 ama saa 2 usiku: hadi kesho jioni. Kuna mwenye alikuwa kwa jam, na mamake kejani bado anangoja marudio.
- Kitu cha miaka mitano iliyopita: ongea tu. Lakini kama mtu amekuambia kwa mdomo wake kwamba ameanza jana, kwake ni mpya. Heshimu.

Huo muda ni wa kupost mahali pa wazi. Ukitaka kuongea siku ya kwanza, tafuta wenzako wameona na muende inbox. Hakuna mtu amekukataza kufurahia.

Kila mtandao na tabia zake

Status ya WhatsApp. Hapa ndipo watu huchomeana zaidi, kwa sababu status hufunguka moja baada ya nyingine bila kukuuliza. Anza na slaidi ya onyo: jina la siriz, sizoni na epi. Mwenye hajaona atatoka. Ukiwa wewe ndio unajikinga, bonyeza status ya huyo mropokaji kwa muda kidogo kisha u-mute. Hatajua.

Grupu ya WhatsApp. Usiwahi andika spoila mwanzo wa meseji, kwa sababu notification inaonyesha maneno ya kwanza hata simu ikiwa imefungwa. Anza na onyo, shuka mistari mingi, ndio useme. Meseji ikikuwa ndefu, WhatsApp inaificha nyuma ya "Read more". Kama mbogi inapenda siriz moja sana, fungueni grupu ya hiyo siriz pekee, na anayeingia anajua ameingia.

X. Usiweke jina la mhusika kwa hashtegi siku ya kwanza, maana likianza kutrendi, watu watajua kuna kitu kimemfanyikia. Kujikinga, ingia settings, "Privacy and safety", kisha "Mute and block", halafu "Muted words". Weka jina la siriz na majina ya wahusika wakuu. Ukimaliza kuangalia, toa.

TikTok. Hii haiangalii unafuata nani, inaangalia unapenda nini. Ukitazama video tatu za siriz fulani, itakuletea ya nne yenye mwisho. Ndani ya "Content preferences" kuna mahali pa kuchuja maneno. Tumia hiyo mapema, si baada ya kulia.

Telegram. Hawa walimaliza mambo. Tangu Desemba 2021, unachagua maneno na kuyafunika kwa "Spoiler", na mtu haoni hadi abonyeze mwenyewe. Kama uko na channel ya muvi na hutumii hiyo kitu, hauna sababu.

Kwa mathree na ofisini. Mtandao si simu pekee. Ukipiga stori ya epi ya mwisho kwa sauti ya makanga, abiria kumi na watatu hawana pa kukimbilia.

Lakini kuna wenye wanazipenda

Usifikirie kila mtu anachukia spoila. Mashabiki wa Zee World hutafuta teaser za mwezi mzima mapema. Siriz kama Kumkum Bhagya ilianza India 2014, kwa hivyo mwenye anataka kujua mbele hakosi pa kusoma, na bado anakaa chini jioni kuangalia. Anachotaka ni kuona vile itatokea, si kama itatokea. Ukisoma setbook baada ya mwongozo, unajua hiyo hali.

Sisi pia tumelelewa kwa vibanda vya muvi tukisikiza DJ Afro akitafsiri, na kila mtoto alijua sheria moja: starring hafi. Mwisho ulijulikana na bado tulipiga kelele.

Hata watafiti hawaelewani. 2011, Leavitt na Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walipata kwamba wasomaji walifurahia hadithi fupi zaidi walipoambiwa mwisho mapema. 2015, Johnson na Rosenbaum wakapata kinyume, kwamba spoila zinapunguza utamu.

Yenye unaweza kushika hapo ni hii: kuna mwenye anataka na kuna mwenye hataki, na wewe huwezi kujua kwa kumwangalia. Mwenye anataka kujua atauliza. Mwenye hataki hana namna ya kuuliza usimwambie kitu chenye hajui kinakuja.

Ikishatokea

Ukiwa umechoma, futa haraka, kwa "Delete for everyone", kisha omba msamaha mara moja. Usieleze zaidi. Kuna wasee huomba msamaha huku wakiongeza spoila ya pili, "pole, nilidhani mnajua hata ndugu yake alikuwa kwa plani".

Ukichomewa, usimalizie hasira kwa kuchomea wengine. Mwambie huyo msee inbox, si mbele ya grupu, kwa sababu ukibishana hapo wazi, wenye walikuwa hawajasoma watarudi juu kutafuta nini ilisemwa. Halafu endelea kuangalia. Mwisho ni dakika chache, na wewe ulikuwa umelipia saa sita.

Na kama kuna kitu kimoja tu utabeba kutoka hapa, ni swali la maneno matatu lenye linafaa kutangulia stori yoyote ya siriz: "Umefika epi gani?" Uliza, ngoja jibu, halafu uamue kama utaongea ama utanunulia huyo mtu bando ndio akufikie mpige stori.