Ndoa ya Karatasi: Kutoka Hollywood hadi Kibondo

Mwaka 1941 studio ya MGM ilitoa filamu ya vichekesho iitwayo Come Live with Me. Hedy Lamarr, mzaliwa wa Vienna, aliigiza mkimbizi kutoka Austria aliyekuwa hatarini kufukuzwa Marekani. Akamlipa mwandishi fukara, aliyeigizwa na James Stewart, ili amwoe. Mapenzi yakazaliwa baadaye. Nje ya sinema jambo hilo halikuwa mzaha: mwaka 1935 mshairi W. H. Auden alimwoa Erika Mann, mpinzani wa Wanazi, ili apate uraia wa Uingereza.

Kichekesho cha namna hii hakiwezekani pasipo mpaka, na mipaka ina historia yake. Chini ya Wajerumani, Buha na Urundi zilikuwa ndani ya koloni moja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Urundi ikaangukia mikononi mwa Ubelgiji na Tanganyika mikononi mwa Uingereza. Waha na Warundi, ambao lugha zao zinasikilizana, wakawa watu wa dola mbili. Wakimbizi walipomiminika Kigoma mwaka 1972, 1993 na 2015, mtu angeweza kuelewana na mchumba wake kwa lugha ya nyumbani, lakini serikali ikamwita mgeni.

Je, ndoa humwondolea mtu ugeni? Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ilijibu kwa jinsia. Mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania alipewa haki ya kuomba uraia kwa msingi wa ndoa hiyo. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hakufunguliwa mlango huo. Alitakiwa kupita njia ya kawaida, yenye sharti la miaka ya ukaazi. Kama mkimbizi wa filamu ile angekuwa mwanamume wa kambi ya Nduta, na mwenyeji wake binti wa Kibondo, hila yao isingefika popote.

Hoja ya kuzuia ndoa za udanganyifu haitoshi kuutetea utofauti huu, kwani udanganyifu hauchagui jinsia. Kilichofichwa humo ni dhana kongwe kwamba mke humfuata mume. Gharama yake hulipwa na wanandoa wa kweli: watoto ni Watanzania kupitia mama yao, baba ni mgeni ndani ya nyumba yake. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi. Anayeipenda Katiba hana budi kuuliza: uraia wa mwanamke wa Kasulu una uzito gani, ikiwa hauwezi kumsitiri mumewe?