Chupa Kumi na Mbili za Butiama
Sehemu ya 3

ILIPOISHIA: Mjomba Wambura ametua dukani kwa Nyangeta, mjini Musoma, na kreti la chupa kumi na mbili za divai nyekundu. Anadai zimetoka Butiama, zilikolala tangu enzi za Mwalimu. Mnunuzi wa Mwanza ameshatanguliza shilingi milioni tano, anachosubiri ni neno la mtaalamu. SASA ENDELEA…

"Soma mwenyewe, mpwa wangu." Mjomba aligonga lebo kwa ukucha. "Dodoma, 1974. Miaka hamsini na ushee! Zimenizidi hata mimi adabu."

Nyangeta aliinua chupa kwenye taa. Nje, Mtaa wa Mukendo ulikuwa unafunga: vyuma vya milango vikikokotwa, bodaboda wakigombea abiria wa mwisho wa Ijumaa.

Aliyeuchagua mwaka ule hakuwa mjinga. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa 1973. Mtu akisikia divai ya Dodoma ya mwaka unaofuata, tena ikitajwa pamoja na Butiama, hadithi iliyobaki ataimalizia mwenyewe. Tapeli hodari hasemi uongo wote. Sehemu kubwa anamwachia mteja.

"Mavuno ya mwezi gani?" Nyangeta aliuliza.

"Mwezi? Mwaka si umeandikwa?"

"Mwaka unawatosha Wafaransa, Mjomba. Mizabibu yao huvunwa mara moja, kwa hiyo mtu wa Bordeaux akitaja 1961 au 1982, wenzake wameshamwelewa. Dodoma tunavuna mara mbili. Zabibu za Februari na Machi zinaiva mvua ikiwa haijaondoka. Punje zinajaa maji, ukungu unaingia. Za Agosti na Septemba zinaiva kwenye ukavu na usiku wa baridi, ndizo zenye sukari na rangi. Ukiniambia mwaka bila msimu, hujaniambia kitu."

Mjomba alikuna kidevu. Hakuja Musoma kusomeshwa kilimo.

Nyangeta alikuwa ameishi miaka yake ya ujana kwenye maabara ya kiwanda kimoja cha divai Dodoma. Alizijua zabibu za huko kama watu wa Mwigobero wanavyowajua sato: Makutupora, nyekundu iliyobeba jina la kituo cha utafiti, Syrah ya kuongezea uzito, Chenin Blanc, nyeupe, inayovumilia jua bila kupoteza uchachu. Alishatembea hadi Bihawana, kwa mapadre, ambako mizabibu ilipandwa kwanza kwa ajili ya divai ya misa. Chupa za zamani alishaziona, na hazikuwa hivi.

Kidole chake kilishuka hadi pembe ya chini ya lebo, kikasimama.

"Mjomba, hii ni alama gani?"

"TBS. Viwango. Si ndiyo uhalali wenyewe huo?"

"Shirika la Viwango limeundwa kwa sheria ya mwaka 1975."

Kimya. Pangaboi lilizunguka mara kadhaa juu yao.

"Labda walibandika baadaye," Mjomba alisema, sauti imepungua.

"Mwaka 2008 kuna mtu alipeleka chupa mnadani New York. Lebo ilisema Clos Saint-Denis, shamba la Ponsot, 1945. Mwenye shamba, Laurent Ponsot, akapanda ndege akaenda kuzizuia, maana familia yake ilianza kutengeneza divai hiyo miaka ya themanini. Aliyezileta anaitwa Rudy Kurniawan. Yeye naye angesema walibandika baadaye."

"Wakamfanya nini?"

"Miaka kumi jela."

Mjomba Wambura alikaa juu ya kreti la soda. Alikuwa mtu wa ng'ombe na pamba. Ya divai aliingizwa na tamaa na rafiki. Ila hakuwa mtu wa kuhuzunika muda mrefu. Alisimama, akachomoa chupa moja kati ya tatu zilizozibwa juu kwa nta nyekundu, akaibana kwapani.

"Kama ni feki, haina bei. Kama haina bei, hakuna wa kunidai. Hii naenda kusuuzia koo Bunda." Akawahi gari la mwisho.

Nyangeta alizitazama zile mbili zilizobaki na nta. Kwa nini tatu tu? Swali lilimpitia, akaliacha lipite.

*

Usiku huohuo alifungua moja ya zile zisizo na nta.

Divai iliyozeeka kweli hufifia. Ukiinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, ukingo wake unageuka rangi ya tofali. Hii ilikuwa zambarau hadi pembeni. Miaka mitatu, minne labda. Makutupora, mavuno ya Agosti. Akaonja.

Akaweka glasi chini kwa mikono miwili.

Nyuma ya tunda, nyuma ya ukali unaokausha ulimi, kulikuwa na kitu ambacho hakuna kiwanda Tanzania nzima kingekiweka kwa bahati mbaya: harufu ya karakana ya seremala. Mninga. Mapipa ya mwaloni kutoka Ufaransa yalikuwa ghali mno, ndipo yeye, kwa ubishi wake, akatumbukiza vipande vya mninga ndani ya tangi namba saba aone itakuwaje. Tangi moja, mara moja.

Na tangi namba saba liliharibika. Ndivyo fomu ilivyosema: limechacha, limemwagwa. Mkuu wake alimletea fomu ile saa ya kutoka kazini, akaisaini bila kushuka kwenda kuangalia. Wiki mbili baadaye mlinzi wa ghala, kijana wa Butiama aitwaye Marwa, alifukuzwa kazi kwa wizi ambao hakuna aliyeeleza ulikuwa wa nini.

*

Jumamosi, saa tisa alasiri. Alishuka Butiama kwa bodaboda aliyoipanda Makutano. Basi la wanafunzi lilikuwa limeegeshwa upande wa Mwitongo, watoto wakipangwa mistari kuelekea makumbusho ya Mwalimu. Yeye alielekezwa upande mwingine, kwenye mji wenye mawe makubwa nyuma ya nyumba.

Marwa alikuwa uani akikwangua jembe. Hakushtuka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimeionja."

"Nilijua utaijua." Alivuta kigoda akamkaribisha. "Ile ilikuwa haki yangu. Mkuu wako aliitoa usiku kwa madumu, mimi nikamwona. Akanipa madumu mawili ninyamaze, kisha akanifukuza nisije nikasema."

"Na lebo?"

"Lebo si zangu. Zilikuja Bunda zimeshachapwa, na karatasi ya uthibitisho, na sahihi yako chini yake." Alimtazama usoni. "Nilidhani na wewe umo."

Nyangeta alihisi jua limemkalia kichwani. Sahihi yake! Ile ya fomu, bila shaka. Lakini Marwa alikuwa bado anaongea, kwa aibu sasa, akichora chini kwa ncha ya jembe.

"Mnunuzi alitaka kumi na mbili kamili. Divai iliishia chupa ya tisa. Zile tatu nikajaza juisi ya rozela na spiriti, ile ya maseremala ya kung'arishia makabati. Nilizitia nta nyekundu ili zisichanganyike. Nikamwambia yule aliyezichukua: hizo ni za kuonyesha tu, mtu asithubutu…"

Nyangeta alikuwa ameshasimama, simu sikioni. Kwenye maabara walifundishwa jambo moja kabla ya yote: spiriti ya aina ile hailevyi tu. Unaweza kulala nayo ukaamka mzima, ukanywa chai, ukacheka na watu. Siku ya pili ndipo inapokuja kudai.

Simu ya Mjomba iliita hadi ikakatika. Akapiga tena. Ikapokelewa, na sauti ikawa ya mtoto.

"Bibi kaenda kutafuta gari la hospitali," mtoto alisema. "Babu amekaa hapa nje juani. Anatugombeza, eti nani amezima taa."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO