Nyumba ya Hesabu Iliyoungua Mara Mbili

Kwa miaka zaidi ya 25, aliyepita ukingo wa mto Seine mjini Paris aliona gofu kubwa lisilo na paa. Miti ilikuwa imeota ndani na mitambaazi imekwea hadi madirishani. Mwanabotania Joseph Vallot alikwenda akaorodhesha mimea iliyojiotea humo, na mwaka 1884 akaichapisha orodha yake. Gofu hilo lilikuwa Jumba la Orsay, lililotiwa moto na waasi wa Komuni ya Paris usiku wa kuamkia 24 Mei 1871. Mmoja wa wapangaji wake alikuwa Mahakama ya Hesabu, chombo kinachokagua fedha za umma za Ufaransa.

Huo haukuwa moto wa kwanza. Usiku wa 26 kuamkia 27 Oktoba 1737, Chumba cha Hesabu cha mfalme, babu wa mahakama hii, kiliteketea ndani ya kasri la kisiwa cha Cité mjini Paris, na kumbukumbu za karne kadhaa zikageuka majivu. Kazi inayoishi kwa karatasi haina adui kama moto.

Chumba hicho kilipewa kanuni zake mwaka 1320 na Mfalme Philippe wa Tano. Waliokusanya na kutumia fedha za mfalme waliitwa kuja kueleza ziliingiaje na zimekwenda wapi. Hesabu ziliandikwa kwa tarakimu za Kirumi, na yeyote aliyewahi kujaribu kujumlisha XLVIII na LXXIX ataelewa kwa nini hawakujumlishia kwenye karatasi. Walikuwa na meza, na juu yake vidude vya shaba vya mviringo mfano wa sarafu. Karani mmoja anasoma, mwenzake anasogeza. Kwa fedha za enzi hizo, denier 12 zikitimia, zinaondolewa na kidude kimoja kinahamia safu ya sou. Sou 20 zikitimia, kimoja kinahamia safu ya livre. Vidude vingine vilipigwa chapa ya maneno ya kumwasa mhesabu asizubae.

Vyeo vya humo vilinunuliwa kwa fedha taslimu na kurithishwa kama shamba. Ukoo wa Nicolaÿ ulikishika kiti cha ukuu tangu 1506 hadi 1791, baba akimwachia mwana. Sijui kama Afrika Mashariki tuna ukoo uliokalia ofisi moja ya serikali muda huo wote, na pengine ni heri. Wa mwisho wao alipigwa kisu cha gilotini mwaka 1794. Mapinduzi ya Ufaransa yalikuwa yameshakifuta Chumba chenyewe, ingawa Tamko la Haki la 1789, ibara ya 15, lilitangaza kwamba jamii ina haki ya kumdai kila mtumishi wa umma hesabu ya utawala wake. Haki ilikuwepo, wa kuidai kwa nguvu ndiye aliyekosekana.

Napoleon ndiye aliyeirudisha nyumba ya hesabu, sasa ikiitwa Mahakama, kwa sheria ya 16 Septemba 1807, na mkuu wake wa kwanza alikuwa François Barbé-Marbois. Mtu huyu anastahili kitabu chake. Alipelekwa uhamishoni Guyana mwaka 1797, akarudi. Akawa waziri wa hazina, na mwaka 1803 akawauzia Wamarekani Louisiana kwa niaba ya Napoleon. Mwaka 1806 akafukuzwa uwaziri kwa kuwaachia wafanyabiashara waichezee hazina hiyo. Inasimuliwa kwamba siku ya kufukuzwa alisema anatumaini hatahesabiwa kuwa mwizi. Napoleon akajibu kwamba angependelea hivyo mara mia, maana wizi una mpaka wake, ujinga hauna. Mwaka uliofuata akamkabidhi Mahakama ya Hesabu! Alidumu humo, akiondoka na kurudi, hadi 1834, akiwa na umri wa miaka 89, na tawala zikipita juu ya kichwa chake moja baada ya nyingine.

Utaratibu wenyewe ulikuwa huu: anayeamuru malipo hashiki fedha, na anayeshika fedha haamuru malipo. Mahakama ilimhukumu huyu wa pili, mweka hazina. Hesabu zikiwa sawa, aliandikiwa kwamba hadaiwi. Zikipungua, alilipa pengo kwa mali yake, na ndiyo maana aliweka dhamana kabla ya kuanza kazi. Bosi aliyesaini amri hakuguswa. Napoleon hakutaka majaji wawakalie kooni mawaziri wake, na ripoti ya mwaka ilikuwa ya macho yake tu. Bunge lilianza kuipata mwaka 1832. Wananchi walisubiri hadi 1938.

Baada ya moto wa Orsay mahakama iliishi kwa kujibanza Palais-Royal, hadi ilipopata jumba lake mtaa wa Cambon mwaka 1912. Pale kwenye gofu palikuwa pameshajengwa stesheni ya reli, ambayo leo ni jumba la makumbusho la Orsay. Pigo lililoitambulisha mahakama mitaani lilikuja mwaka 1996, ilipotangaza kwamba shirika kubwa la kuchangisha fedha za utafiti wa saratani, ARC, lilipeleka zaidi kidogo tu ya robo ya michango kwenye utafiti. Mkuu wa shirika, Jacques Crozemarie, aliishia gerezani.

Kwetu mtindo huu wa majaji uko Burundi na Kongo. Tanzania na Kenya zilirithi njia ya Uingereza ya 1866: mtu mmoja, Mkaguzi Mkuu, asiyehukumu bali anayeandika ripoti na kuliachia Bunge meno.

Tangu 1 Januari 2023 Ufaransa imeufuta wajibu wa mweka hazina kulipa pengo kwa mfuko wake. Sasa aliyeamuru malipo na aliyelipa wanasimama mbele ya majaji walewale, na kosa zito likithibitika faini yaweza kufika mshahara wa miezi sita. Mawaziri hawamo.