Wengi Wape, na Wachache Je?

Januari 1964 Mwalimu Nyerere aliunda tume ya mfumo wa chama kimoja na kumpa Rashidi Kawawa uenyekiti. Mpaka wa kazi aliuweka mapema: kama nchi iwe ya chama kimoja au la, hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Tume ilitumwa kuwauliza watu wanataka chama kimoja cha namna gani.

Swali lilikuwa finyu, lakini wananchi walilitumia. Katika uchaguzi wa 1965, uliofuata kazi ya tume, chama hicho kimoja, TANU, kiliwasimamisha wagombea wawili kwa kila jimbo lenye ushindani, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine nyumba. Vigogo wakaanguka, akiwemo Waziri wa Fedha, Paul Bomani.

Miaka 26 baadaye swali lililofungwa lilifunguliwa. Ukuta wa Berlin ulikuwa umebomoka, na Nyerere mwenyewe alikwisha kusema hadharani kwamba kujadili vyama vingi si uhaini. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi akamkabidhi kazi Jaji Mkuu Francis Nyalali. Tume yake ilipita mikoani, Bara na Visiwani, na kusikiliza watu zaidi ya 36,000. Jibu lililojulikana nchi nzima ni hili: karibu asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee, na asilimia 20 hivi walitaka vyama vingi.

Kwa hesabu ya "wengi wape", mjadala ungeishia hapo. Tume ikapendekeza vyama vingi.

Wapo waliouita huo ukaidi. Lakini wajumbe walikuwa wamesikiliza zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Wengi waliokitetea chama kimoja hawakukitetea kama kilivyokuwa, walitaka kirekebishwe. Visiwani waliotaka vyama vingi walikuwa sehemu kubwa zaidi kuliko Bara. Tena mtu mmoja kati ya watano si wa kupuuzwa, hasa ikikumbukwa kwamba alikuwa akisema asichozoea kukisema mbele ya kiongozi. CCM, chama tawala kilichorithi TANU, kilikubali, na tarehe 1 Julai 1992 vyama vingi vikaruhusiwa kisheria. Mapendekezo mengine ya Nyalali hayakupata bahati hiyo: sheria 40 kandamizi alizozitaja hazikufutwa kwa mkupuo, na muungano wa serikali tatu (ya Bara, ya Visiwani na ya Muungano) badala ya mbili ukawekwa kando.

Hizo serikali tatu ndizo zilizorudi na kuvuruga hesabu. Mwaka 1998 serikali ya Benjamin Mkapa ilitoa waraka kuhusu katiba uliotaja kwanza msimamo wa serikali, ndipo wananchi wakaulizwa wao wanaonaje. Kamati ya Jaji Robert Kisanga ikakusanya maoni: asilimia 88 hivi walitaka serikali mbili. Mwaka 1999 kamati ikapendekeza tatu, na Mkapa akaikemea hadharani kwamba imevuka mipaka. Safari hii wengi walipewa. Ni vigumu kutogundua kwamba mwaka 1992 wachache walikuwa upande ambao wakubwa walikwisha kuuelekea, na mwaka 1999 hawakuwa.

Kisha ikaja Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyoundwa na Rais Jakaya Kikwete mwaka 2012. Watu zaidi ya laki tatu walitoa maoni, wakigusa ardhi, maadili ya viongozi, madaraka ya Rais na mengine mengi. Waliozungumzia muundo wa Muungano hawakufika 50,000. Kati yao, wengi wa Bara walitaka serikali tatu, na wengi wa Zanzibar walitaka muungano wa mkataba. Rasimu ya katiba ya tume hiyo ikaja na tatu.

Machi 2014, Dodoma, takwimu zilezile zilisomwa mara mbili ndani ya wiki moja. Warioba aliliambia Bunge Maalum la Katiba kwamba waliougusa muundo wanataka ubadilike. Kikwete akageuza kipimo: zaidi ya asilimia 86 ya waliotoa maoni hawakuutaja kabisa, kwa hiyo kwao haukuwa tatizo. Kimya cha mwananchi kikahesabiwa kuwa kura. Mwezi uliofuata wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje, na Oktoba waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa yenye serikali mbili.

Kura ya maoni ilipangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na haijapigwa. Oktoba 2022 kikosi kazi cha Profesa Rwekaza Mukandala, nacho baada ya kukusanya maoni, kilimpendekezea Rais Samia Suluhu Hassan kwamba mchakato wa katiba ufufuliwe.